Uso wa Zamani Kwenye Gari ya Leo: Fundi Anajibu Maswali Yenu ya Beetle

Toleo lililopita niligusia kidogo tu New Beetle (ile Volkswagen ya 1998 na kuendelea iliyoiga umbo la Beetle ya zamani) ya mteja mmoja niliyoipiga rangi ya krimu, basi barua zikaanza kumiminika, kumbe wengi mnazo na wengi mnataka zifanane na zile za kwanza. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana majibu yake yanawahusu wote.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, mwaka jana nimenunua New Beetle ya 2003 iliyotoka Japani, injini 2.0, otomatiki. Marehemu baba alikuwa mwalimu, na alikuwa na Volkswagen Beetle 1303 ya 1973 rangi ya beige, ndo iliyokuwa inanipeleka shule mpaka namaliza la saba, ikaja kuuzwa wakati anaumwa. Sasa nataka hii yangu ifanane na ile ya mzee. Fundi bodi wa huku kasema ataziba ule mdomo wa kwenye bampa kwa faiba, atatoa taa za mbele aweke za duara, atakata vipasuo kwenye mlango wa buti kama ile ya zamani, alafu achomelee bampa za chuma mbele na nyuma. Wiki tatu kazi imeisha. Hamu ninayo ila na wasiwasi ninao pia. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee. Nimeisoma barua yako mara mbili na kitu cha kwanza nakuomba, huyo fundi asianze kesho. Sio kwamba hajui kazi, ila anataka kuchukua sura ya gari moja aibandike kwenye nyingine bila kujiuliza ile sura ilitokea wapi.

Ile ya mzee ilikuwa haina mdomo mbele kwasababu mbele hakukuwa na injini. Injini ilikaa nyuma, silinda nne zimelala, inapozwa na hewa ya feni yake yenyewe, haina rejeta wala tone la maji. Mbele ni tangi la mafuta, tairi la spea na begi lako la shule. Ndo maana uso wake umetulia vile, boneti inashuka mpaka kwenye bampa hakuna tundu lolote, na vile vipasuo vya nyuma havikuwa urembo, ndo pua zake, injini ilikuwa inavutia hewa hapo. Sasa ya kwako ni Volkswagen Golf ya kizazi cha nne iliyovalishwa nguo nyingine. Injini iko mbele, ya maji, rejeta imesimama nyuma ya huo huo mdomo anaotaka kuuziba, na mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC. Ziba hapo alafu panda mlima Kitonga saa nane mchana na AC imewaka uone mshale wa temperecha unavyokwenda. Ukisikia gasketi ya silinda hedi imeungua usishangae. Mdomo usizibwe. Kabisa.

Ila unafichika, na hii ndo kazi ninayoipenda. Kinachofanya mdomo uonekane sio tundu, ni vitu vinavyong'aa ndani yake, mapezi ya kondensa, mabomba, vyuma. Paka rangi nyeusi isiyong'aa zile plastiki za ndani (mapezi yenyewe usiyaguse), weka wavu mweusi wa matundu makubwa, alafu bampa ya kung'aa ipite juu ya tundu, isipite katikati yake. Macho ya mtu yanakwenda kwenye kinachong'aa, chini yake anaona kivuli tu. Ukisimama hatua kumi mdomo haupo na rejeta inapumua kama kawaida.

Kwenye bampa zenyewe una bahati kwamba unaiga 1303. Tangu Agosti 1967, kwenye Beetle nyingi, Volkswagen waliacha zile bampa nyembamba zenye pembe za bomba wakaweka za bapa zilizonyooka, na hizo ndo zilizokuwa kwenye gari ya mzee, sasa bapa lililonyooka linakunjika vizuri kwenye stenlesi na mafundi mageti wa Gerezani wanalikunja bila shida ukiwapelekea kartoni ya umbo. Kinachonitisha ni neno kuchomelea. Nyuma ya plastiki ya bampa yako kuna boriti ya chuma, hiyo ndo inayobeba ajali, na mifuko ya hewa imepangwa ifumuke kufuatana na jinsi gari inavyobonyea kuanzia hapo. Ukichomelea bampa zito la chuma moja kwa moja kwenye chesesi umeshabadilisha hesabu yote, na kama utamgonga mtu wa bodaboda basi yeye ndo atalipia urembo wako. Acha boriti, acha plastiki, alafu hilo bapa la stenlesi liwe jembamba, lifungwe kwa breketi nyepesi na nati zenye mpira, likigongwa likunje lenyewe. Ya nyuma hivyo hivyo.

Taa. Hapa naongea kwa kitu kilichonitokea karakana kwangu. Miaka kadhaa nyuma nilitoa taa za New Beetle nikaweka za duara za inchi saba ndani ya bakuli za faiba nilizotengeneza mwenyewe, mchana ilikuwa nzuri mno, usiku mteja akasafiri, akanipigia simu akiwa Chalinze kwamba mwanga wote uko juu ya miti na malori yanampigia ful. Bakuli lilikuwa limepinda kidogo tu baada ya kupata joto. Nilizitoa zote nikamrudishia zake kwa gharama yangu na tangu siku hiyo sifanyi. Taa zako ni yai, sawa, ila zikiwa safi na zikizungushiwa pete ya stenlesi nyembamba iliyofuata ukingo wa madigadi, zinasomeka kama duara, hasa rangi ya gari ikiwa nyepesi. Tatizo lako litakuwa ule unjano wa plastiki kwa jua, hiyo inapigwa msasa wa maji kuanzia 800 mpaka 2000 na zaidi, inasuguliwa, alafu inapuliziwa klia (ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kukinga) maalumu ya taa, bila hiyo klia unjano unarudi haraka sana. Zile kope za plastiki zinazouzwa usiweke, zinafanya gari ionekane imekasirika na Beetle haijawahi kukasirika.

Taa za nyuma usiziguse. 1303 ndo Beetle ya kwanza kuwekewa zile taa kubwa za mviringo nyuma, na zako za 2003 ni duara kwenye madigadi, tayari ni ndugu. Alafu kuna jambo wengi hawalijui, 1303 ndo ilikuwa Beetle ya kwanza kuwa na kioo cha mbele kilichopinda, kuanzia Agosti 1972, zote za kabla yake vioo vilikuwa karibu bapa na vimesimama. Kioo chako wewe kimepinda na kimelala sana mpaka dashibodi imekuwa meza, mkono haufiki mwisho kuipangusa, na kioo hakibadilishiki. Angekuja mtu anataka ifanane na ya 1952 yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika mara mbili ningemwambia bwana hapo tutadanganyana, lakini wewe unaiga ile Beetle moja ambayo uso wake ulishaanza kusogea huku kwenu.

Vipasuo vya buti, usikate. Ule ni mlango mzima unaofunguka na kioo chake, ndani yake kuna nyaya na kufuli, ukikata unakaribisha maji ya masika na kutu. Tengeneza kipande cha alumini chenye vipasuo vya kukandamiza, kipigwe rangi ya gari, kibandikwe kwa gundi ya bodi chini ya kioo. Kikiwa cha rangi moja na gari kinatosha, kisiwe cheusi.

Sasa kitu ambacho fundi wako hakukitaja kabisa na ndo kinabadilisha gari kuliko vyote, upana. Pima mwenyewe, gari ya mzee ilikuwa na urefu wa mita 4.11 hivi na yako ni 4.08, urefu ni karibu ule ule, lakini ile ilikuwa na upana wa mita 1.58 hivi na yako ni 1.72. Yani kama sentimita 14 za unene, na unene huo hauwezi kuukata ila unaweza kuudanganya. Kwanza tairi. Nina hakika umewekewa rimu za aloi 16 na tairi 205/55. Toa, tafuta rimu za chuma 15 za Golf 4, nati tano kwa mduara wa milimita 100, weka tairi 195/65R15, kipenyo cha nje kinabaki karibu sawa kwahiyo spidomita haidanganyi, na tairi linakuwa na nyama zaidi kama la zamani. Jaribu rimu moja mbele kabla hujanunua zote nne uone kama inapita kwenye kalipa ya breki. Usihangaike kutafuta rimu za 1303 yenyewe, zile zina nati nne na haziingii. Piga rimu rangi ya fedha, weka kofia ndogo ya kung'aa inayobana kwenye tundu la kati, basi. Usichomelee wala kutoboa chochote kwenye rimu.

Pili mkanda. Ule uzi wa alumini unaotoka kwenye madigadi ya mbele unapita mlangoni mpaka nyuma, na mwingine katikati ya boneti. Uzi mwembamba unaonyooka kwa urefu unaipunguza gari mwili, kama mistari ya shati. Uwe wa milimita kumi hivi, usizidi, na upimwe kwa kamba kutoka chini sio kwa macho. Chini ya milango weka kibao cha kukanyagia, kile chenye mpira mweusi wenye mifereji kinachounganisha madigadi mawili. Zamani mtu alikuwa anakikanyaga kweli, wewe kikae kama mstari tu, stenlesi iliyokunjwa na mpira juu, ifungwe kwa skrubu kwa chini isiumize bodi.

Rangi ndo weka hela zako. Beige kavu bila metaliki, gari nzima rangi moja mpaka kwenye plastiki za bampa. Na mwambie fundi rangi wako, kabla hajagusa, kwamba madigadi yote manne ya New Beetle ni plastiki, sio bati. Wengi hawajui wanapaka pati ya kawaida na praima ya chuma, miezi sita rangi inatoka kama ganda la kitunguu. Inatakiwa praima ya plastiki kwanza, na kwenye rangi iongezwe ile dawa ya kulainisha ili isipasuke gari ikitikisika kwenye barabara ya vumbi. Uzuri wa madigadi hayo yanafungwa kwa nati, yafunguliwe yapigwe rangi yakiwa pembeni, usikubali kubandika gazeti.

Ndani usifanye mengi. Paka uso wa dashibodi rangi ya gari, siti weka leza ya kahawia, ila kama pembeni ya siti kuna kilebo cha mfuko wa hewa usivishe kava la kufunika hapo. Stelingi nyembamba nyeupe ya zamani ni nzuri kwenye picha, kwako hapana, katikati ya yako kuna mfuko wa hewa. Spidomita moja ya mviringo unayo tayari. Na kile kichupa cha ua pale kwenye dashi, wazungu wa zamani walikuwa wananunua cha kauri wanakifunga kwenye Beetle zao, Volkswagen wakakirudisha kwenye yako. Mwekee mzee ua.

Wiki tatu haitoshi, hesabu miezi miwili. Na ukishabadilisha rangi nenda TRA ubadilishe kwenye kadi, usisubiri usimamishwe njiani.

SWALI: Assalamu alaikum fundi, nakuandikia toka Muscat. New Beetle yangu ya 2001 klia imeanza kubanduka juu ya paa na kwenye boneti kwa hili jua letu. Nataka juu nyeupe chini buluu ya bahari kama zile za zamani. Nipige stika au rangi?

JIBU: Wa alaikum salaam ndugu yangu. Stika juu ya klia inayobanduka haishiki, siku utakayoitoa itaondoka na rangi yote, kwahiyo msasa utakuja tu, na ukishapiga msasa mpaka praima basi umeshalipa nusu ya kazi ya rangi, piga rangi. Halafu juu na boneti ndo sehemu stika inapokufa haraka kwa jua la kwenu, pembeni inakaa zaidi.

Ila hiyo rangi mbili ningependa uifikirie tena. Juu nyeupe chini rangi, hiyo tumezoea kuiona kwenye Kombi, Beetle nyingi zilitoka kiwandani rangi moja kuanzia paa mpaka kwenye madigadi. Ukiweka rangi mbili kwenye New Beetle ile duara kubwa ya paa inatengana na mwili, inaonekana kama kofia. Buluu ya bahari peke yake na uzi wa alumini, utakuja kunishukuru.

SWALI: Fundi mambo, mimi niko Nairobi na niko na Beetle ya 2014, sio ile New Beetle, hii mpya zaidi. Naeza ifanya classic pia ama hii imeenda sana mbali?

JIBU: Poa sana. Yako iko karibu zaidi kuliko unavyodhani. Hiyo iliyoanza 2011 waliishusha paa, boneti wakairefusha, na kioo cha mbele wakakirudisha nyuma, ukiitazama kwa pembeni ina mstari wa zamani kuliko ile ya 1998 iliyokuwa nusu mduara. Tatizo lake ni upana, mita 1.81, kwahiyo usiibebeshe mapambo mengi. Volkswagen wenyewe waliwahi kuuza rimu za inchi 17 zinazoitwa Heritage kwa gari hii, zinafanana na za chuma zenye kofia, ukizipata za mtu nunua. Nati zako ni tano kwa milimita 112, kwahiyo yale maelezo ya rimu za Golf 4 hayakuhusu.

Na kama unataka kitu chenye historia kweli, mwaka 1973 walitoa 1303 S ya njano yenye boneti nyeusi na mfuniko wa injini mweusi, Wajerumani wakaiita Gelb-Schwarzer Renner, zilitengenezwa 3,500 tu. Miaka arobaini baadaye wakaitengenezea heshima kwenye Beetle kama yako, wakaiita GSR, nazo zikawa 3,500. Njano na nyeusi, basi, hakuna kukata hata kipande kimoja. Rangi ikibadilika badilisha na kwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya huko Kenya.

SWALI: Nasoma ukurasa huu na nasikitika. Mna pesa za kuchezea. Beetle ipo, inunueni, itengenezeni, msivalishe gari nyingine nguo zake. Mimi nina 1303 nyuma ya nyumba hapa Tanga, iko juu ya mawe tangu 2006, hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza. Mstaafu wa bandari.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sikupingi. Gari iliyotengenezwa zaidi ya milioni 21, iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962, haihitaji kuigwa na mtu. Ya mwisho ilitoka Puebla kule Mexico Julai 2003, kiwanda hicho hicho kilichokuwa kinatoa hizi New Beetle, kwa miaka kadhaa zilikuwa zinatoka uzio mmoja, ya babu na ya mjukuu. Sio maadui mzee.

Ila huyu kijana wa Morogoro ana watoto wawili wadogo (kaniandikia kwenye barua, sikuichapa yote) na anasafiri nao barabara kuu usiku, anataka mikanda, mifuko ya hewa na breki za leo, na anataka akifungua mlango asubuhi aone kitu kinachomkumbusha baba yake. Siwezi kumwambia hapana.

Hiyo yako kama haijaliwa na kutu kwenye sakafu na chini ya betri, pale chini ya siti ya nyuma, inafufuka, injini iliyokaa miaka hiyo yote usiiwashe hivi hivi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda kupitia matundu ya plagi, iache siku mbili, alafu izungushwe kwa mkono taratibu kabla ya betri kuguswa. Tangi likaoshwe. Nitakuja mwenyewe kuiangalia mzee, Tanga sio mbali, na nauli ni yangu.

Ninalo ombi moja tu. Nikija niruhusu nije na kartoni na penseli. Bampa zako ndo zile za bapa, kibao chako cha kukanyagia ndo kile chenyewe, na mimi umbo hilo nimekuwa nalichora kwa kukumbuka. Nikilichukua kwenye gari yako nitampelekea yule kijana, na fundi wake atakunja stenlesi kwa kipimo cha kweli. Mpe mhariri siku inayokufaa, isiwe Ijumaa.